Mwongozo kamili: kufuatilia usugu wa malaria, kuanzia kosa moja la DNA hadi dawa inaposhindwa

Homa imerudi wiki tatu baada ya kumaliza dawa mseto, na maelezo yanayosikika mara nyingi kwenye maduka ya dawa ni kwamba mwili umeshaizoea dawa. Mwili haujazoea kitu. Kama kweli dawa imeshindwa, vilivyobadilika ni vimelea, na havikubadilika kwa kuwa vimeonja dawa. Vichache vyenye badiliko vilikuwemo kwenye damu kabla kidonge cha kwanza hakijamezwa. Dawa iliua vingine vyote, hivyo vichache vikabaki na uwanja mzima.

Jambo hili lilithibitishwa kwa bakteria mwaka 1943. Salvador Luria na Max Delbrück waliotesha makundi mengi madogo ya bakteria, kila kundi kwenye chombo chake, kisha wakayakutanisha na virusi vinavyoua bakteria. Idadi ya walionusurika ilitofautiana mno kati ya chombo na chombo: vingi havikuwa na hata mmoja, vichache vilijaa. Kama virusi ndivyo vingekuwa vinasababisha badiliko, idadi zingekaribiana. Zilitofautiana kwa sababu kwenye chombo kimoja badiliko lilitokea mapema likazaa ukoo mkubwa, na kwenye kingine lilichelewa au halikutokea kabisa.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa biolojia, mwanafunzi wa maabara au udaktari, na mwandishi wa habari za afya anayetaka kuelewa taarifa ya usugu bila kutegemea kichwa cha habari. Nimechagua kimelea kimoja, Plasmodium falciparum, kwa sababu mageuzi yake yamefuatiliwa kwa karibu sana, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanyika Afrika Mashariki.

Hatua ya 1: Jua kimelea kinavyozaana

Ndani ya chembe nyekundu za damu kimelea hiki hakijamiiani. Hujinakili, na kila baada ya takriban saa 48 chembe moja hupasuka na kutoa vimelea vipya 16 au zaidi. Katika hatua hii kila kimelea kina nakala moja tu ya kila jeni, tofauti na binadamu mwenye nakala mbili. Matokeo yake ni makubwa: badiliko jipya halina nakala nyingine ya kulifunika. Likiwa na faida, faida inaonekana papo hapo. Likiwa na madhara, mwenye nalo hupotea mapema.

Ndani ya mbu jike wa Anopheles mambo ni tofauti. Huko vimelea dume na jike hukutana na kuchanganya kromosomu zao 14. Kama mbu amenyonya damu yenye koo mbili tofauti, watoto wanaweza kurithi badiliko moja kutoka ukoo huu na jingine kutoka ule. Kumbuka tofauti hiyo: damu ya binadamu ndipo makosa mengi yanapozaliwa na dawa inapochagua, na tumbo la mbu ndipo makosa yanapounganishwa au kutenganishwa.

Ukitaka kutumia hatua hizi kwa kiumbe kingine, anza upya na swali hili hili. Bakteria wa kifua kikuu, kwa mfano, hubadilika karibu kabisa kwa makosa yake mwenyewe, ilhali bakteria wengi wa tumboni hupeana jeni za usugu wao kwa wao, hata kati ya spishi tofauti.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya wingi kabla ya kusema kitu ni nadra

Chukua karatasi. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu, yaani mikrolita milioni 5. Tuseme slaidi yake imesomwa vimelea 10,000 kwa mikrolita, jambo la kawaida kwa mgonjwa mwenye homa. Zidisha:

5,000,000 × 10,000 = 50,000,000,000

Vimelea bilioni 50 ndani ya mtu mmoja. Sasa weka kasi ya makosa. Katika kila mzunguko wa kujinakili, uwezekano wa herufi moja ya DNA ya kimelea hiki kukosewa ni kati ya 1 kwa bilioni 1 na 1 kwa bilioni 10. Kwa kiwango cha juu, chagua herufi yoyote unayotaka, na katika mgonjwa huyu itakuwa imekosewa kwenye takriban vimelea 50. Kwa kiwango cha chini, vimelea 5. Tena katika mzunguko mmoja tu wa siku mbili.

DNA nzima ya kimelea, ambayo ramani yake ilichapishwa mwaka 2002, ina takriban herufi milioni 23. Zidisha kwa 1 kwa bilioni na utapata 0.023: kimelea kipya 1 katika kila 40 hivi kinazaliwa na kosa ambalo mzazi wake hakuwa nalo. Utofauti ni hali ya kawaida ya damu yenye malaria.

Hapo swali linageuka. Tunapaswa kuuliza kwa nini usugu hauonekani kila wiki. Sababu ni kadhaa. Makosa mengi hayana athari au yanadhuru. Kinga ya mgonjwa huua vimelea bila kujali kama ni sugu. Sehemu ndogo tu ya vimelea hugeuka kuwa gametosaiti, ile hali inayoweza kuingia kwa mbu. Na dawa nyingine haziangushwi na kosa moja. Kwa klorokwini, badiliko kuu la jeni ya pfcrt huambatana na mengine kadhaa kwenye jeni hiyo hiyo, ndiyo maana usugu wake ulizaliwa mara chache sana duniani pamoja na mamilioni ya watu waliokuwa wakiimeza.

Hesabu hii ndiyo inayobeba wazo la dawa mseto. Kama kila dawa inahitaji kosa lake, na kila kosa lina uwezekano wa 1 kwa bilioni, kimelea chenye makosa yote mawili kwa mpigo kina uwezekano wa 1 kwa bilioni ya bilioni. Vimelea bilioni 50 havitoshi hata kukaribia hapo.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma majina ya mabadiliko

Taarifa zitakuletea vitu kama K76T, R561H au C580Y. Usomaji wake ni rahisi. Herufi ya kwanza ni asidi amino ya awali, namba ni mahali ilipo kwenye protini, herufi ya mwisho ni asidi amino iliyochukua nafasi. K76T: kwenye nafasi ya 76 ya protini ya pfcrt, lisini imeondoka na threonini imeingia. Kwenye DNA ni AAA kuwa ACA, yaani herufi moja tu. R561H ya jeni iitwayo kelch13, inayohusishwa na usugu wa atemisinini, dawa ya msingi katika dawa mseto, ni CGT kuwa CAT: ajinini imetoka, histidini imeingia.

Haya ni mabadiliko ya herufi moja, na ndiyo yanayotajwa zaidi. Usisahau aina nyingine mbili. Jeni nzima inaweza kuongezwa nakala: kusini mashariki mwa Asia, nakala za ziada za jeni ya pfmdr1 zilivipa vimelea uwezo wa kuvumilia dawa ya meflokwini. Jeni inaweza pia kufutika kabisa, na hilo tutalikuta katika hatua inayofuata.

Jambo moja linalowapotosha hata wataalamu: jina la jeni peke yake halitoshi. Badiliko la kelch13 linaloonekana sana Afrika ni A578S, na halicheleweshi dawa kuua vimelea. Ukiona taarifa imeandika tu kwamba mabadiliko ya kelch13 yamepatikana katika eneo fulani, uliza ni lipi kabla hujashtuka.

Hatua ya 4: Tafuta shinikizo linalochagua

Badiliko bila shinikizo hubaki adimu. Orodhesha kila kitu kinachoua au kuondoa vimelea katika eneo lako, kisha jiuliza ni kimelea gani kinaponyoka.

Anza na dawa na muda zinaokaa mwilini. Atemeta na jamaa zake wa atemisinini hupungua kwa nusu ndani ya saa chache. Lumefantrini, mwenzake atemeta kwenye dawa mseto iitwayo ALu, hupungua kwa nusu kwa siku 3 hadi 6. Piperakwini, dawa mwenza ya mseto mwingine, hukaa kwa wiki kadhaa. Maana yake ni kwamba zile hesabu nzuri za dawa mseto zinafanya kazi siku za mwanzo tu. Baada ya hapo dawa mwenza imebaki peke yake, ikishuka taratibu, na kimelea kipya kinacholetwa na mbu siku ya kumi na tano kinakuta kiasi kidogo kinachoua vile dhaifu tu. Hapo ndipo uteuzi unapofanyika kimyakimya, hata kwa mgonjwa aliyemeza dozi yake sawasawa.

Dozi isiyokamilika hupanua dirisha hilo. ALu kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne mara sita, dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, kwa kuwa lumefantrini hufyonzwa vibaya tumboni patupu. Anayemeza kwenye tumbo tupu anaweza kumaliza vidonge vyote 24 na bado damu yake ikawa na dawa pungufu.

Shinikizo si lazima liwe dawa. Vipimo vingi vya haraka, mRDT, hutafuta protini iitwayo HRP2. Vimelea vilivyofuta jeni yake viliripotiwa mara ya kwanza nchini Peru mwaka 2010. Mgonjwa mwenye vimelea hivyo hupimwa, kipimo kinasema hana malaria, anarudishwa nyumbani bila dawa, na mbu wanaendelea kumnyonya. Kipimo chenyewe kimewachagulia vimelea hao njia. Nchini Eritrea vilikuwa vingi kiasi kwamba mwaka 2016 nchi ililazimika kubadili aina ya kipimo. Kwangu huu ndio mfano bora wa kufundishia uteuzi, kwa sababu unawatoa wanafunzi kwenye mazoea ya kuamini kwamba mageuzi ni vita ya dawa na kimelea tu.

Mwisho, tafuta pasipo na shinikizo. Maeneo yenye malaria nyingi yana watu wazima wengi wenye kinga, wanaobeba vimelea bila kuugua na bila kumeza dawa. Vimelea vya kawaida huishi humo kwa amani. Hifadhi hiyo tutaihitaji sasa hivi.

Hatua ya 5: Pima gharama ya usugu

Hapa ndipo penye somo kubwa kuliko yote, na limetoka Malawi.

Usugu wa klorokwini ulionekana Kenya na Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, ukaenea. Malawi iliiacha dawa hiyo mwaka 1993 na kuhamia SP (sulfadoksini na pirimethamini), mapema kuliko nchi nyingine za Afrika Mashariki: Kenya ilihamia SP mwaka 1998, Tanzania mwaka 2001. Huko Blantyre, vimelea vyenye K76T vilikuwa asilimia 85 mwaka 1992. Kufikia mwaka 2000 vilikuwa asilimia 13. Mwaka 2006 yakachapishwa matokeo ya majaribio kwa watoto wa hapo hapo: klorokwini, dawa iliyokuwa imezikwa, iliponya asilimia 99.

Vimelea havikujisahihisha herufi ile moja. Vile vya kawaida, vilivyokuwa vimebaki vichache ndani ya watu wasiomeza dawa, viliongezeka tena na kuvishinda vile sugu, kwa sababu protini ya pfcrt iliyobadilika inakilinda kimelea dhidi ya dawa lakini inakipunguzia uwezo wakati dawa haipo.

Unaweza kuipima gharama hiyo mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Geuza asilimia kuwa uwiano wa vimelea sugu kwa vya kawaida:

Mwanzo: 85 ÷ 15 = 5.67
Mwisho: 13 ÷ 87 = 0.149
Mara ngapi umeshuka: 5.67 ÷ 0.149 = 38

Chukulia kizazi kimoja, kutoka mgonjwa hadi mbu hadi mgonjwa mwingine, ni miezi miwili. Kutoka 1993 hadi 2000 ni vizazi 42. Logi ya 38 ni 1.58, gawa kwa 42 upate 0.0376, 10 kwa kipeo hicho ni 1.09. Vimelea vya kawaida vilikuwa na faida ya takriban asilimia 9 kwa kila kizazi. Hakuna daktari ambaye angeiona tofauti hiyo kwa mgonjwa mmoja, lakini kwa miaka saba iligeuza nchi.

Hesabu hiyo hiyo inakwenda mbele pia. Tuseme maambukizi sugu ni 1 katika 1,000 na dawa inayapa faida ya asilimia 20 kwa kizazi. Uwiano wa 1 kwa 999 unahitaji kukua mara 999 ili kufikia nusu kwa nusu. Logi ya 999 ni takriban 3. Logi ya 1.2 ni 0.079, gawa upate vizazi 38, yaani miaka sita na ushei. Sehemu kubwa ya miaka hiyo kiwango ni kidogo mno kuonekana hospitalini, kisha kinapanda ghafla mwishoni. Wapangaji wa sera wanaosubiri hadi wagonjwa walalamike husubiri hadi mteremko mkali umeanza.

Gharama hairudishi dawa kila mahali. Kusini mashariki mwa Asia klorokwini iliendelea kutumika kutibu malaria ya kimelea kingine, Plasmodium vivax, kwa hiyo shinikizo halikuondoka na usugu haukupungua kwa namna ile ya Malawi.

Hatua ya 6: Uliza badiliko limezaliwa hapa au limehamia

Herufi zilizobadilika zinaweza kuwa zile zile Asia na Afrika, ila majirani zake kwenye kromosomu hutofautiana. Badiliko linapopanda kwa kasi huburuta DNA iliyo pembeni yake. Linganisha kipande hicho: kikifanana katika mabara mawili, chanzo ni kimoja na watu wamekisafirisha, kikitofautiana, badiliko limezaliwa zaidi ya mara moja.

Kwa njia hiyo ilibainika kwamba K76T ya Afrika ilitoka Asia. Mwaka 2004 Cally Roper na wenzake walionyesha kwamba hata jeni ya dhfr yenye mabadiliko matatu, inayodhoofisha SP, ilikuwa na asili ya Asia. Hiyo ilishangaza, kwa sababu wengi waliamini usugu wa SP unazaliwa kila mahali.

Atemisinini imekwenda kinyume. Usugu wake uliripotiwa magharibi mwa Kambodia mwaka 2008 na 2009, na dunia ikajiandaa kuuzuia usivuke bahari. Mwaka 2020 ikachapishwa taarifa ya R561H nchini Rwanda, na DNA ya pembeni ikaonyesha kuwa badiliko hilo limezaliwa huko huko. Mwaka 2021 ikafuata Uganda kaskazini, kwa mabadiliko ya A675V na C469Y, kisha Eritrea kwa R622I. R561H imepatikana pia Kagera, hasa Karagwe, ng'ambo tu ya mpaka wa Rwanda. Jibu la hatua hii linaamua kazi: kwa kilichohamia unatazama njia za wasafiri, kwa kilichozaliwa nyumbani unatazama namna dawa zinavyotumika nyumbani.

Hatua ya 7: Kusanya sampuli inayoweza kuaminika

Kwanza kibali cha maadili na ridhaa ya mgonjwa au mzazi. Kazi yenyewe haihitaji jokofu. Choma kidole, dondosha matone matatu kwenye karatasi ya kuchuja, kila tone kwenye duara lake, lisigusane na jingine. Andika namba ya mgonjwa na tarehe kwa penseli, maana wino huchuruzika. Acha karatasi ikauke kwa saa kadhaa kivulini, mbali na jua, jiko na nzi. Ikikauka kabisa iweke kwenye mfuko wake peke yake, pamoja na kipakiti cha silika cha kunyonya unyevu. Mifuko miwili katika bahasha moja haina shida; karatasi mbili zinazogusana zina shida kubwa, kwa sababu kipimo cha DNA kinaweza kunasa hata chembe ndogo iliyohama.

Idadi nayo ina kanuni ya haraka: gawa 3 kwa idadi ya sampuli. Ukipima 100 usione badiliko hata moja, bado linaweza kuwepo kwa hadi asilimia 3. Ukipima 300, hadi asilimia 1. Kwa hiyo "hatukuona" kwenye sampuli 30 ni kauli nyepesi sana.

Na eleza umehesabuje mgonjwa mwenye mchanganyiko. Afrika mtu mmoja hubeba mara nyingi koo kadhaa kwa wakati mmoja, nyingine sugu na nyingine za kawaida. Ripoti mbili zinazohesabu mchanganyiko kwa njia tofauti haziwezi kulinganishwa.

Hatua ya 8: Tenganisha malaria iliyorudi na malaria mpya

Mgonjwa wa mwanzo wa makala hii huenda hana usugu wowote. Huenda ameumwa na mbu mwingine. Katika majaribio ya dawa damu huchukuliwa siku ya kwanza ya matibabu na siku homa inaporudi, kisha sehemu zinazotofautiana sana kati ya koo, kama jeni za msp1 na msp2, hulinganishwa. Zikifanana, ni vimelea vile vile vilivyonusurika. Zikitofautiana kabisa, ni maambukizi mapya. Katika maeneo yenye mbu wengi, ukiruka hatua hii utailaumu dawa nzuri.

Kumbuka pia kwamba usugu wa atemisinini tunaouona ni wa sehemu. Vimelea huchelewa kufa, hasa vikiwa vichanga, lakini dawa mwenza humalizia. Dalili inayotazamwa ni wagonjwa ambao bado wana vimelea siku ya 3. Wakifika asilimia 10, uchunguzi wa kina unahitajika. Ni jambo tofauti na matibabu kushindwa, ambako Shirika la Afya Duniani linataka dawa ibadilishwe pale wasiopona wanapozidi asilimia 10 baada ya kutenganisha maambukizi mapya. Kwa HRP2 iliyofutika mpaka ni asilimia 5 ya wagonjwa wanaokosa kugunduliwa kwa sababu hiyo.

Hatua ya 9: Geuza matokeo kuwa uamuzi

Rudi kwenye shinikizo na uulize unaweza kulibadili vipi. Nchi inaweza kutumia dawa mseto zaidi ya moja kwa zamu au kwa pamoja, ili ukoo wenye faida mbele ya moja usiwe na faida mbele ya nyingine. Inaweza kuongeza dozi moja ndogo ya primakwini, miligramu 0.25 kwa kilo ya uzito, inayoua gametosaiti ili vimelea vilivyonusurika visipate mbu wa kuvibeba. Haipewi wajawazito wala watoto wachanga. Inaweza kubadili kipimo. Vyandarua navyo vinasaidia, kwa kupunguza idadi ya wagonjwa wanaohitaji dawa.

Kwenye ngazi ya zahanati, anayerudi na homa ndani ya wiki nne apimwe kwa hadubini, si kwa mRDT ya HRP2 peke yake, kwa kuwa protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa na kipimo kinaweza kuendelea kuonyesha malaria isiyokuwepo. Andikeni kwenye daftari tarehe ya dozi ya kwanza, jina la dawa, namba ya toleo iliyo kwenye boksi, kama alikula kabla ya kumeza, na kama alitapika ndani ya nusu saa. Slaidi ikionyesha vimelea, chukueni tone kwenye karatasi ya kuchuja kabla ya kumpa dawa ya pili.